Mkono Uliodhaniwa Unaomba Ugoro

Saa moja asubuhi, Karatu bado imejikunyata ndani ya makoti. Ukungu ulioshuka kutoka msitu wa Ngorongoro umelalia mabati ya hospitali, na nje ya lango mama wa chai ya maziwa anapuliza kuni mbichi huku akipangusa machozi ya moshi. Ndani ya wodi ya wagonjwa mahututi, muuguzi Blandina Tluway anafunga mkanda wa mashine ya presha kwenye mkono wa bibi mmoja wa Endamarariek, aliyelazwa kwa homa kali ya mapafu.

Anabonyeza kipira. Mkanda unavimba. Wauguzi wengine hapo hutazama mshale wa mashine. Blandina anatazama vidole vya bibi kwanza, ndipo macho yake yanapanda kwenye mshale.

Bibi amemvumilia tangu jana. Leo uvumilivu umemwishia.

"Wewe mtoto, kila ukinifunga huo mkanda unanikodolea vidole. Unanipimia pete?" anamuuliza kwa Kiiraqw. Kitanda cha jirani kinacheka, na anayecheka anajishika mbavu kwa maumivu.

"Pete atakuletea babu mwenyewe," Blandina anajibu. "Mimi naangalia kama mkono umetulia."

"Babu! Yule hata kiberiti hanunui."

Blandina anatabasamu, analegeza mkanda, anauweka mkono wa bibi chini ya blanketi taratibu kama mtu anayelaza yai. Mkono umetulia. Anakwenda kitanda kinachofuata.

Tabia hiyo ya kutazama vidole hakuwa nayo zamani. Aliipata masika ya mwaka jana kwa mfugaji mmoja wa Ngorongoro aliyepigwa na nyati. Siku hiyo ukoo mzima ulicheka kwa furaha kando ya kitanda cha mgonjwa, wakati mgonjwa mwenyewe alikuwa anaondoka.

Blandina ana miaka thelathini na minne. Amezaliwa Endamarariek, kwa wazazi wanaolima mahindi na mbaazi na kufuga ng'ombe wawili watatu wa maziwa. Mama yake alitaka awe mwalimu. Yeye alikuwa na haya ya kusimama mbele ya watu, akachagua uuguzi, akidhani ni kazi ya kumhudumia mtu mmoja mmoja, kimya kimya.

"Nilijidanganya," anasema akicheka kwa chini. "Muuguzi anaongea kuliko mwalimu. Tofauti ni kwamba wanafunzi wako wamelala."

Alipotoka chuoni alipangwa wodi ya wazazi, akakaa huko miaka mingi na kuipenda. Kisha wodi ya mahututi ikapungukiwa watu, akahamishiwa huko. Wodi ina vitanda kumi, na mara nyingi zamu moja huwa na wauguzi wawili tu. Mmoja akimgeuza mgonjwa, mwingine ndiye anayebaki na wale tisa.

Hakuipenda. Kilichomshinda hakikuwa kazi, kilikuwa ukimya.

"Kule kwa wazazi mtu analia, halafu anacheka. Huku mtu ananyamaza tu, na wewe hujui kama amepata nafuu au anaaga."

Wiki moja kabla ya mfugaji yule kuletwa, dereva wa lori aliyepinduka kwenye kona za Rhotia alifia mikononi mwake, saa chache baada ya kumwambia kwamba anajisikia vizuri. Blandina alikwenda kwa Sista Eva, mkuu wa wodi ya wazazi, akamwambia anataka kurudi. Sista Eva, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha kijiji, alimtazama kwa huruma, akamwambia avumilie mpaka mwisho wa mwezi.

Mwezi ulikuwa haujafika katikati alipoletwa Moloimet.

Moloimet ni mfugaji wa upande wa Endulen, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, baba wa watoto watatu. Asubuhi hiyo alikuwa anawatangulia ng'ombe kwenda majini. Nyati dume, mzee aliyefukuzwa na kundi lake, alikuwa amelala kwenye vichaka vya mto. Walikutana ana kwa ana, na hakuna aliyekuwa na pa kupishana.

Pembe ilipasua paja la kushoto. Wenzake walipomfikia, damu ilikuwa inaruka. Walifanya jambo ambalo daktari hadi leo hulisifu: walivua shuka, wakalizungusha juu ya jeraha, wakapitisha rungu katikati na kulisokota mpaka damu ikapungua. Gari la kwanza kupita barabarani lilikuwa la watalii. Dereva aligeuza bila kuuliza mtu, wazungu wawili wakajibana viti vya nyuma, na kichwa cha Moloimet kikalazwa juu ya begi la kamera.

Walizunguka ukingo wa kreta, wakateremka hadi lango la Loduare, wakaingia Karatu kabla jua halijawa la utosi. Alipakuliwa akiwa mweupe midomoni, baridi kama jiwe la mtoni. Hakuwa amelia hata mara moja. Dereva aliwaambia wauguzi kwamba kama si macho yake kufumba na kufumbua, angedhani amebeba maiti.

Dokta Inosenti, kijana wa upasuaji, alimwingiza thieta moja kwa moja. Mshipa mkubwa ulikuwa umechanika. Aliushona, na wakati anaushona damu iliyopotea ilikuwa inarudishwa chupa baada ya chupa, mpaka jokofu la damu la maabara likabaki karibu tupu. Ndugu waliofika kwa gari la pili waliombwa wachangie.

Hapo ndipo Blandina alipomwona kwa mara ya kwanza Mzee Ngoyai, baba yake Moloimet, mrefu, mwembamba, na kikopo cha ugoro kinachoning'inia shingoni kwa mnyororo. Alikuwa amewapanga vijana wake kwenye benchi la maabara na kuwasimamia kama anahesabu mbuzi.

"Toeni, toeni," aliwaambia. "Ng'ombe tunamchoma mshale shingoni, tunakunywa damu yake, na jioni anakula majani. Nyinyi mna nini cha kuogopa?"

Kisha akamgeukia Blandina aliyekuwa akipita. "Takwenya, nesi."

"Iko," Blandina aliitikia. Ukikulia Karatu, salamu ya jirani unaijua, hata ukiwa Mwiraqw, au Mmbulu kama majirani wanavyosema.

Mzee alishangaa. "Mmbulu anayejua kuitikia! Basi mwanangu hafi leo."

Saa kumi jioni Moloimet alitoka thieta akapelekwa kwa Blandina, chupa ya damu ikiwa bado inatiririka mkononi. Jeraha lilikuwa limefungwa vizuri, bandeji kavu. Dokta Inosenti alitoa maelekezo, akaenda kunawa na kula kitu, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Kila mtu alijua sehemu ngumu imekwisha.

Lakini presha haikupanda. Ilikuwa chini, ikabaki chini. Blandina aliipima, akasubiri, akaipima tena. Aliinua blanketi kutazama kama damu imevuja. Hakuna. Moloimet alikuwa macho, akitazama dari, taya zimekaza. Mkewe Sinyati alikaa miguuni pake akimsugua nyayo. Mzee Ngoyai na mjomba mmoja walisimama pembeni, kwa ruhusa ya dakika chache iliyokwisha kurefushwa.

Mashine ya presha ya wodi ile ilikuwa nzee. Kuna wakati kidude cha kuachia hewa kiling'ang'ana, mkanda ukabaki umevimba mkononi mwa mgonjwa mpaka uutekenye. Ndivyo ilivyotokea. Blandina alipoinama kuutekenya, alisikia Mzee Ngoyai akipiga kofi la furaha.

"Mtazameni! Anaomba ugoro!"

Wote waligeuka. Mkono wa kulia wa Moloimet, ule wenye mkanda, ulikuwa umejikunja kifundoni, vidole vimenyooka na kukutana kwa ncha, gumba limeingia katikati yao. Ukiwa umewahi kumwona mzee wa Kimaasai akichota ugoro kwenye kikopo chembamba, usingeuita kwa jina lingine.

Mjomba alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Nyati amemshindwa, ugoro umemshika!"

"Mtu anayetaka ugoro hafi," Mzee Ngoyai alitangaza. "Anayekufa hutaka maji."

Sinyati alifunika uso kwa shuka, mabega yakamtikisika. Alikuwa anacheka na kulia pamoja. Na Blandina?

"Nilicheka na mimi," anasema, na anatazama chini. "Nilikuwa nimechoka na vifo. Nilitaka sana iwe kweli."

Mzee Ngoyai alifungua kikopo, akachota ugoro kidogo, akauweka katikati ya vidole vya mwanawe. Hapo wodini ni marufuku, na Blandina alikuwa ameshafungua kinywa kumkataza. Lakini ugoro ulikuwa tayari unamwagika kwenye shuka jeupe. Vidole havikuupokea. Havikufunguka, havikufumba. Vilibaki vilevile, vimekaza kama vya sanamu ya mpingo.

Kicheko cha Blandina kikamkauka mdomoni. Mkono ule alikuwa akiujua, na hakuujulia kwenye ugoro. Ulikuwa mkono wake mwenyewe, mkono wa mkunga anapoukusanya uwe mwembamba ili amsaidie mama kujifungua. Mwalimu wake chuoni aliwaonyesha hivyo hivyo, vidole vimekutana, akawaambia kwamba siku wakiuona kwa mgonjwa aliyefungwa mkanda wa presha, wamuulizie kalsiamu.

Alitekenya mashine, hewa ikatoka. Baada ya muda mfupi vidole vya Moloimet vikaanza kulegea. Alibonyeza kipira tena, akasubiri. Vidole vikakutana tena, taratibu, kama vinavutwa na uzi.

Sasa hakuna aliyekuwa anacheka.

"Moloimet," Blandina alimwinamia, "midomo yako ikoje? Unasikia ganzi?"

Macho ya Moloimet yalibaki kwenye dari.

"Vidole je? Vinachomachoma?"

Taya zilikaza zaidi. Blandina alielewa. Mbele yake alikuwa mwanamume aliyetahiriwa bila kupepesa jicho, na baba yake alikuwa amesimama pale pale alipoweza kumsikia. Mtu wa namna hiyo humwulizi mbele za watu kama anaumia. Angekwenda kaburini na jibu lake.

Alimgeukia Mzee Ngoyai. Haya zake zote aliziweka kando, anasema.

"Mzee wangu, nisaidie. Mwambie kunijibu mimi si kulia."

Mzee alisogea kichwani pa mwanawe, akaweka kiganja juu ya utosi, kama wazee wa kwao wanavyowasalimu watoto, akasema maneno machache kwa Kimaa. Baadaye mwenyewe alimtafsiria Blandina: "Nilimwambia, nyati umemvumilia, tumeona, hakuna wa kukudai. Huyu mama hakuulizi uchungu. Anakuuliza njia. Mwonyeshe njia."

Moloimet alifumba macho. Sauti ilitoka kama inachimbwa.

"Siafu," alisema kwa Kiswahili. "Midomoni. Na vidoleni. Tangu niliposhtuka kutoka usingizi wa dawa."

Mjomba alishika mdomo. Mzee Ngoyai alifunga kikopo chake cha ugoro, akakitumbukiza ndani ya shuka lake kifuani, kisionekane.

Kalsiamu wengi tunaijua kwa mifupa na meno. Lakini iliyomo ndani ya damu, ndogo tu, ndiyo inayousaidia moyo kupiga kwa nguvu na damu kuganda kwenye jeraha. Damu ya kuongezewa huwekwa dawa ya kuizuia isigande ndani ya mfuko, na dawa hiyo ikiingia mwilini huikamata kalsiamu. Chupa moja au mbili, mwili huvumilia. Chupa nyingi kwa haraka, kwa mtu aliyekwisha kupoteza damu na kupoa mwili, kalsiamu hushuka. Misuli hukaza, moyo hulegea, na jeraha lililoziba linaweza kuanza kuvuja tena.

Dokta Inosenti, aliyeitwa haraka, alifika akiwa na ndizi nusu mkononi. Aliutazama mkono, akaiweka ndizi dirishani.

"Tutume sampuli," Blandina alisema.

"Tutatuma, ila mashine ya kupima hii haipo hapa. Jibu litatoka Arusha, na huyu hana muda wa kungoja Arusha. Tunampa sasa. Iko wapi?"

Haikuwapo. Katika hospitali ile, kama katika nyingi, kila wodi ina dawa zake, na sindano ya kalsiamu ilihesabiwa kuwa dawa ya wodi ya wazazi. Stoo ilikuwa imefungwa: mfamasia alikuwa ameshuka stendi kupokea mzigo wa dawa uliokuja na basi.

Wodi ya wazazi, hata hivyo, lazima iwe nayo. Mama mwenye kifafa cha mimba hupewa magnesiamu, na magnesiamu ikizidi humzuia kupumua. Kinachomrudisha ni kalsiamu. Kwa hiyo kwenye sinia la kifafa cha mimba, hata kama vingine vyote vimekwisha, haikosekani. Blandina alilipanga sinia hilo kwa mikono yake miaka mingi. Aliondoka mbio.

Sista Eva alikuwa mlangoni, mikono kiunoni.

"We Blandina, unakimbia nini? Umekuja kurudi kwetu?"

"Sista, naomba kalsiamu ya kwenye sinia."

"Ya kwangu?" Sauti ilishuka ghafla. "Nina mama kitanda cha tatu, yuko kwenye magnesiamu tangu mchana. Akisahau kupumua nimpe nini, chai ya tangawizi?"

Blandina alikuwa amekuja kumwombea mtu mmoja uhai, na hakufikiria kwamba huenda anauomba kwa mwingine. Alimwona yule mama kupitia pazia: msichana mdogo, amevimba uso, amelala ubavu.

"Mgonjwa wangu anaondoka, Sista," alisema.

Sista Eva aliingia ndani, akarudi na kichupa kimoja kiganjani.

"Zipo mbili. Hii nenda nayo. Ya pili haivuki mlango huu, hata aje nani. Na ukifika huko mpigie mfamasia, mwambie Eva amesema apande bodaboda, mzigo utamfuata."

Sindano ile haisukumwi kwa haraka, moyo unaweza kusimama. Dokta Inosenti aliisukuma kidogo kidogo, macho kwenye mashine ya moyo, na Blandina akashika mkono wa Moloimet. Hakuna aliyewafukuza ndugu. Mzee Ngoyai alisogea karibu.

"Nesi, hiyo ni dawa ya nini?"

Blandina alikumbuka nyumbani Endamarariek, ng'ombe mmoja wa baba yake aliyezaa vizuri jioni, na asubuhi akakutwa amelala chini, shingo ameigeuzia ubavuni, masikio ya baridi. Bwana mifugo alimpa dawa ya mshipani polepole, na kabla ya saa sita ng'ombe alikuwa amesimama, anamlamba ndama wake.

"Mzee, umewahi kuona ng'ombe wa kisasa amezaa akaanguka?"

"Hao wa kwenu? Nimeona. Wanaanguka kwa maziwa. Maziwa yote yanatoka, na nguvu inatoka nayo."

"Basi ni kitu hicho hicho. Kimepungua kwenye damu yake. Tunamrudishia."

Mzee alimgeukia mwanawe. "Kwa hiyo mwanangu amekuwa ng'ombe wa Wambulu."

Dokta Inosenti alikaza midomo asicheke, sindano isije ikatikisika. Moloimet aligeuza kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu aletwe, alitazama mtu badala ya dari. Alimtazama baba yake, na kona ya mdomo ikasogea.

Kichupa kilipokwisha, Blandina alipima presha. Ilikuwa imepanda, si sana, lakini imepanda. Mapigo ya moyo yaliyokuwa yakikimbia yalianza kutembea. Alibonyeza kipira, akauacha mkanda umevimba kwa makusudi, na wote watano wakainama juu ya mkono kama watu wanaochungulia kisima.

Vidole vilitetemeka. Vikatulia. Vikabaki wazi.

Mfamasia alifika muda si mrefu, nyuma ya bodaboda, boksi limekumbatiwa kifuani. Blandina alipeleka kichupa cha kulipia deni la sinia kabla hata ya kukaa chini. Yule mama wa kitanda cha tatu alikuwa anapumua vizuri, hakuhitaji chochote. Alijifungua mtoto wa kike kesho yake. Sista Eva alikipokea kichupa, akamshika Blandina shavu, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu hadharani.

Jua lilikuwa linazama Blandina alipokabidhi zamu. Moloimet alikuwa ameongezewa dozi nyingine, na siafu, alisema mwenyewe bila kuulizwa, "wamehama." Kisha aliuliza swali lake la kwanza.

"Ng'ombe walikunywa maji?"

Sinyati, ambaye alikuwa hajasema lolote tangu asubuhi, alipasuka. "Sikia mtu huyu! Nimekaa hapa natafuta nitakachowaambia watoto, yeye anauliza ng'ombe! Walikunywa! Walikunywa, walikula, wamelala, wako salama kuliko wewe!" Akamgeukia Blandina, machozi yakimtiririka. "Dada, mchome sindano nyingine, hii imempa mdomo tu, akili bado."

Blandina alitoka nje, akaketi kwenye ngazi za nyuma palipoanikwa mashuka. Anasema alilia sana, kilio cha mtu aliyekuwa amebeba gunia safari ndefu na sasa amelitua. Hakurudi tena kwa Sista Eva kuomba kuhama.

Dokta Inosenti hapendi habari hii isimuliwe kama muujiza. "Wagonjwa mahututi wengi kalsiamu yao iko chini," anasema. "Wakati mwingine ni alama tu kwamba mwili umeelemewa, na kuiongeza peke yake hakumponyi mtu. Lakini kwa majeruhi aliyetoka damu nyingi na kuongezewa damu nyingi, kuisahau ni hatari. Wanaokuwa nayo chini hufa zaidi, hilo tunalijua. Siku ile tulikuwa tumelenga mshipa. Blandina alilenga mtu."

Na Moloimet angepona bila sindano ile? Daktari anatikisa kichwa. "Sijui. Wala sitaki kujua."

Tangu hapo utaratibu umebadilika. Damu ikitolewa maabara kwa mgonjwa anayevuja sana, kalsiamu hutoka pamoja nayo kwenye kikapu kimoja, na daktari huamua mapema, kabla vidole havijakunjamana. Majeruhi wa pikipiki kutoka njia ya Mang'ola, aliyepasuka wengu, alipita kwenye mkondo huo miezi michache baadaye. Hakukaza kidole hata kimoja. Alilala, akaamka, akalalamika kwamba uji hauna sukari.

"Lalamiko tamu kuliko yote niliyowahi kusikia," Blandina anasema.

Moloimet alikaa wodini wiki kadhaa, akafundishwa kutembea na fimbo, akaruhusiwa. Siku ya mnada wa Karatu, alirudi kuonyesha jeraha, akichechemea kidogo, Sinyati nyuma yake. Mzee Ngoyai alikuja naye. Alikuwa amebeba kibuyu cha maziwa, kimesafishwa kwa moshi wa mti mchungu kama inavyotakiwa, akakiweka juu ya meza ya wauguzi katikati ya karatasi zao.

"Nimeuliza watu," alimwambia Blandina. "Wameniambia ile dawa yako iko humu. Basi weka stoo. Siku mkiishiwa, mmiminie mgonjwa."

Blandina alimweleza, kwa heshima na kwa kirefu, kwamba maziwa ni mazuri kwa mifupa ya watoto, lakini mtu anayevuja damu hayawezi kumwahi, ni lazima sindano. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimeelewa," alisema. "Sasa kunyweni, kabla hayajaganda."

Wakanywa, wauguzi wote wa zamu, kwa vikombe vya dawa.

Mwakani, mavuno yakishaingia ghalani na mdogo wake akiweza kubaki na wazazi, Blandina anakwenda kusomea uuguzi wa wagonjwa mahututi. Nafasi ameshapata. Akirudi, anataka apite kwenye zahanati za Karatu na za wafugaji kule juu, Endulen hadi Ololosokwan, awafundishe wauguzi wenzake, na zaidi ya hao, ndugu wanaokaa miguuni pa vitanda. Anataka kina Sinyati na wazee wajue cha kuuliza, na wanaume wajue kwamba kumjibu nesi si kulia. Anakiri kwamba wazo la kusimama mbele ya mkutano wa kijiji linamtoa jasho mpaka leo.

Akiulizwa anatumaini nini hasa, anapangusa kwanza meza ambayo tayari ni safi.

"Natamani iwe kitu cha kawaida," anasema. "Mtu aumie, aongezewe damu, apewe na kalsiamu yake, aende nyumbani kwake. Jirani akimuuliza amepona vipi, asiwe na kisa cha kusimulia. Aseme tu, nilitibiwa."